Kijana anaongea na koko yake tu, baba yake anataka kumurudisha koko Walungu. Tufanye nini?

Swali: "Jambo sana docta. Niko mama ya batoto tano, tunaishi Kadutu, Bukavu. Kijana yangu ya kwanza iko na miaka 16, alikuwa anasoma muzuri tu. Kiisha ile mambo ya vita ya mwezi ya pili 2025 akaanza kubadilika, usiku halali, dirisha anaiziba na blanketi, anasema batu ya avenyu banamusema, anacheka peke yake, telefone aliizima juu eti banamusikiliza ndani. Masomo aliacha, na tunataka arudie haraka, kuoga ni vita. Mutu anaongea naye ni moja tu, koko yake, mama ya bwana yangu, banalala chumba moja. Kama si yeye njo anamupa chakula hakuli. Tulienda mu chumba ya maombi, nabii akasema tufunge kavu siku saba. Sasa shemeji yangu anasema kama mutoto anatulia tu mbele ya koko, basi koko njo alimufunga kwa ulozi. Bwana yangu anataka kumurudisha mama yake Walungu. Na koko mwenyewe amekonda, halali, na ninaona kuna maneno mutoto alimuambia na hataki kutuambia. Tufanye nini?"

Jibu:

Mama, asante kwa kuandika yote wazi, hata ile ya shemeji yako ambayo si rahisi kuandika. Nitajibu kwa urefu juu swali yako iko na maswali mingi ndani. Naanza na ile haiwezi kungoja: musimurudishe koko Walungu. Si hii wiki, na si juu ya ile sababu banaleta. Kuna mambo ya kubadilisha mu namna koko na mujukuu yake banaishi, nitayasema chini bila kuficha, lakini kumutoa koko mu nyumba leo ni kumunyanganya ule mutoto mutu ya pekee anamuamini bado, na kiisha pale mutabaki na kijana haongei na mutu, hakuli, na hakuna mwenye anajua nini inapita mu kichwa yake usiku.

Papa, hii kipande inayofuata nakuandikia wewe mwenyewe, naomba uisome na kaka ao mudogo yako mwenye anasema ile maneno. "Koko njo alimufunga" ni maneno ya kuzima hapo hapo mu salo, isitoke ifike ku parseli ya jirani. Huku kwetu Kivu ya Kusini tunajua inaishiaka wapi. Mwaka 2021 mu Kalehe mama bazee baliuawa juu batu balisema beko na ulozi, na ilianza vile vile, mutoto anagonjwa, mutu anatafuta nani iko karibu naye. Leo ni mama yako mwenye alikubeba, kesho banaweza kugeuka kusema ni mutoto mwenyewe iko na ulozi, na pale mujue kama sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda batoto inakataza kabisa kumusingizia mutoto ulozi, mutu anaweza kufungwa juu yake. Sisemi hii kwa kukutisha. Nasema juu umechoka, umeogopa, na mutu mwenye kuogopa anakamata jibu ya kwanza inapita.

Sasa kwa nini anatulia mbele ya koko? Sababu iko, na haiko ya kufichwa. Angalia namna koko anaongea naye: polepole, sauti ya chini, hamuulizi maswali kumi mufululizo, hamukumbushi pesa ya masomo mulilipa, hamulinganishi na mutoto ya jirani mwenye alishapita egzeta, ule mutihani ya mwisho ya inchi. Na huku kwetu koko na mujukuu banakuwaka na ruhusa ya mchezo ambayo baba hana, koko anamuita kijana "bwana yangu", anamutania kama hajamuletea chumvi, kijana naye anamujibu, hakuna mwenye anakasirika. Mbele ya baba kijana ya miaka 16 anajisikia ni lazima akuwe mwanaume, mbele ya koko hana kitu ya kuonyesha. Kwa mutu mwenye kichwa yake imejaa woga na sauti, fasi moja ambayo haombwi kitu ni pumuziko kubwa, na mwili yake inaijua mbele yake mwenyewe aijue.

Na hii haiko mawazo yangu tu. Kuna Mwingereza moja, George Brown, mu miaka ya 1950 kule London alianza kufuata bagonjwa balitoka mu hospitali ya akili, kuona nani anarudia ugonjwa na nani anakaa muzuri. Kitu ilimushangaza ni kama bale balirudi kwa bazazi ao kwa bibi zao balikuwa banarudia ugonjwa zaidi kuliko bale balienda kupanga chumba ao kukaa kwa ndugu. Akaendelea kutafuta, miaka ikapita, yeye na benzake bakaanza kusikiliza kwa makini namna batu ya nyumba banasema juu ya mugonjwa, na mu 1972 batu tatu, Brown, Birley na Wing, bakatoa matokeo yenye batu ya kazi yetu banatumia mupaka leo: nyumba yenye lawama mingi, yenye chuki, ao yenye kumushikilia mugonjwa kupita kiasi, ugonjwa inarudi haraka. Sikiliza muzuri mama, hii haisemi eti ninyi njo mulileta ugonjwa. Hapana. Ugonjwa inakuja na sababu yake, lakini hewa ya nyumba inaweza kuipunguza ao kuichochea, na hii ni habari muzuri juu hewa ya nyumba iko mu mikono yenu.

Basi jiangalieni bila kujihukumu. "Unajifanya", "ulikuwa na akili sasa umekuwa mujinga", "tulilipa masomo bure", badogo yake banamucheka akiongea peke yake, ile yote ni lawama na inamupiga sawa mutu anamwangia moto. Upande huo koko amewashinda wote. Lakini kuna ule upande wa tatu, kumushikilia kupita kiasi, na pale, mama, koko naye iko ndani. Anamulisha, pengine anamujibia maswali mbele ya wageni, anaamka kila saa kuangalia kama anapumua, anabeba siri zake, hatoki hata kwenda misa. Anafanya vile juu anamupenda na juu anaona hakuna mwengine. Ila kijana mwenye kila kitu inafanyiwa na koko anaanza kuamini hawezi tena kitu, na koko ya miaka yake akianguka na tansio (presha ya damu), ninyi mutakuwa na bagonjwa babili.

Kwa hiyo jibu yangu si "mubakize tu vile beko". Koko abaki, lakini asibaki pekee yake na asibaki kama fasi ya kumufichia mutoto. Akuwe mutu mwenye anamuleta mutoto kwa munganga, na kwenu.

Tuongee ugonjwa yenyewe. Siwezi kuiita jina kupitia barua, mutu yeyote atakuambia jina ya ugonjwa bila kumuona kijana anakudanganya. Lakini mambo uliandika, kutolala, kuona batu banamusema, kucheka na kuongea peke yake, kuacha kuoga, kuacha masomo, kuogopa telefone, vikikaa pamoja kwa muda mrefu vile, ni mambo ya kuonwa na batu ya afya ya akili upesi. Ugonjwa za aina hii mara mingi zinaanzaka kwa bijana na mwanzo wa ukubwa, yaani hiyo miaka yake kabisa. Vita na woga inaweza kuchochea, kutolala kunachochea, bangi inachochea sana, na mu jamaa zingine inatembea mu damu. Mbele ya yote bapime mwili: malaria, ugonjwa ya kichwa yenye inaleta homa, kifafa, maana kuna bijana balipelekwa miezi mingi mu maombi kumbe ni kifafa yenye kuwa na dawa yake. Na muulize bila hasira kama anavuta bangi ao anakunywa ile pombe kali ya chupa ndogo. Muache koko njo aulize hiyo, kwake atasema kweli.

Wapi kwenda? Bukavu muko na bahati kuliko miji mingi ya inchi yetu, SOSAME iko pale, ni kituo ya afya ya akili, na ni pale ningewapeleka. Kama kuna msomaji mwengine iko Goma mu hali hii, kuna Tulizo Letu, na Lubumbashi kuna kituo ya neuropsikiatri Docteur Joseph Guislain, zote tatu ziko mu mikono ya Frères de la Charité, watawa Bakatolika. Kama njia ni ngumu ao pesa haiko, anzeni ku santre de santé ya karibu na mulango, museme wazi "ni mambo ya akili", na muombe barua ya kuwatuma mbele. Muulize bei mbele ya kufungua fishi, muulize pia kama munaweza kulipa kidogo kidogo. Ninajua tangu banki zilifungwa pesa imekuwa kilio mu kila nyumba, njo maana nasema muulize mapema, isije mukafika, mukasikia bei, mukarudi na haya na kutorudia tena.

Namna ya kumupeleka. Musimufunge kamba. Musimudanganye eti munaenda kumuona shangazi Bagira kiisha anashtuka iko mbele ya munganga, maana mutu mwenye tayari anafikiri batu banamupangia mabaya mutakuwa mumemupa ushahidi, na hatawaamini tena, na kitu mbaya zaidi hatamuamini koko tena. Shikeni kile yeye mwenyewe anakubali. Vijana mingi hawakubali eti beko na ugonjwa ya akili lakini banakubali kama hawalali, banachoka, kichwa inauma. Koko amuambie: "Bwana yangu, hulali, na mimi silali juu yako, twende wote babili tuombe dawa ya usingizi, nami banipime tansio." Hiyo ni kweli tupu, hakuna uongo ndani, na koko naye anahitaji kupimwa.

Mukifika ku konsultasyo, mukumbuke mwenye kujua usiku ya mutoto ni koko. Kwa kawaida baba njo anaingia kuongea, koko anabaki ku benchi na sahani ya bugali yenye walimubebea. Mugeuze. Koko aingie. Kama kuongea kwake kunatoka muzuri mu Mashi, luga ya Bashi, aongee Mashi, na mutu muzima atafsiri, si mutoto ya miaka kumi na si mugonjwa mwenyewe. Aseme saa gani analala, anakula nini, sauti zinakuja saa gani, zinamuambia nini, na kama kuna mutu mu ile jamaa aliwahi kuwa vile. Koko bengine hawasemi juu banaona haya, "itasemwa ni ukoo wetu". Mama, wewe njo utamusaidia pale, umushike mukono, umuambie hapa hatulaumu mutu.

Sasa namna ya kuongea naye nyumbani akisema batu banamusema inje. Kuna njia mbili bote tunakimbiliaka na zote mbaya. Ya kwanza ni kubishana: "wapi hao batu, unaota, hakuna kitu!" Hatashawishika, atabaki tu mupweke zaidi. Ya pili ni kukubali ili atulie: "ndiyo, banakusema, tutawafukuza." Hapo mumetia kuni. Njia ya katikati koko wengi banaijua bila kufundishwa: "Mimi siisikii hiyo sauti, lakini ninaona inakuogopesha. Njoo ukae hapa karibu yangu." Umesema kweli, na hukumuacha na woga yake. Sentensi fupi, moja kwa wakati, hakuna batu batatu kuongea naye pamoja. Na redio na kelele ya salo vipungue jioni, ninajua nyumba zetu za Kadutu zimebanana na majirani iko ukutani, fanya ile munaweza.

Tuje kwa siri, maana hii njo ilinifanya nijibu haraka. Uliandika kuna maneno mutoto alimuambia koko na koko hataki kusema. Inaweza kuwa kitu ndogo. Inaweza pia kuwa alisema anataka kufa, ao sauti zinamuambia ajitupe mu ziwa, ao amupige mutu fulani. Leo, si kesho, keti na koko peke yenu babili, bila wanaume, bila hasira, umuulize moja kwa moja: "Mama, alikuambia anataka kufa? Sauti zinamutuma kufanya kitu?" Usimulaumu akikubali. Alinyamaza juu kijana alimuomba, na juu aliogopa baba yake atamupiga.

Na koko amuulize kijana pia, kwa maneno hayo hayo, "unawaza kujiua?" Batu banaogopa eti ukitaja utamupa wazo. Haiko vile, mutu mwenye iko na ile wazo anapata nafuu mutu akiitaja bila kupiga kelele. Akisema ndiyo, koko amuambie hivi: "Nakupenda, na hii siwezi kuibeba peke yangu, nitamuambia mama yako na munganga, nawe utakuwa pale nikisema." Atakasirika pengine siku mbili. Afazali akasirike. Kuna siri nyingi koko anaweza kumutunzia mujukuu, kuvuta sigara, musichana, matusi alimutukana mwalimu, lakini hii moja hapana, na koko anahitaji kusikia kutoka kwako kama kuisema si kumusaliti mutoto.

Ile siku hiyo hiyo mutoe mu nyumba dawa ya panya, dawa ya mashamba, kamba, bisu, na dawa zote za bakubwa, hata zile za tansio za koko, mufungie fasi kijana hajui. Na asibaki peke yake. Kama anasema iko na mupango, ao sauti zinamuamuru, ao siku mbili hakuli wala hakunywi, ao hajalala kabisa usiku mingi mufululizo, ao anageuka mukakamavu hasongi hasemi, hiyo si ya kungoja Jumatatu, ni kwenda sasa hivi.

Dawa. Munganga akiandika ordonansi, mumuulize jina ya dawa, ni ya nini, inaleta nini. Zenye tunatumia sana huku kwa kijana mwenye kusikia sauti ni kama haloperidol, risperidone, chlorpromazine. Zinaleta usingizi mbele, woga inapungua polepole, kuna siku mutaona hakuna mabadiliko na mutavunjika moyo, muvumilie, inaomba wiki, si siku. Kitu moja njo inafanyaka jamaa mingi bakimbie: haloperidol inaweza kumukaza, shingo inapinda, macho inapanda juu, taya inafunga, ulimi inatoka. Bakiona vile banasema "munaona, ni mapepo, dawa imeyachokoza!" Hapana. Ni dawa yenyewe, inatibiwa haraka ku hospitali, na munganga atapunguza dozi ao atabadilisha. Mumupeleke mara moja, musikimbilie chumba ya maombi.

Koko njo apewe kazi ya kumupa dawa, kwa sasa, saa moja kila siku, na baba ao wewe muhesabu komprime zinabaki ku kila wiki ili mambo yote isimukalie yeye. Asiifiche mu bugali. Kijana akigundua mara moja hatakula tena chakula ya mutu yeyote, na ile mulango ya pekee ilikuwa wazi itajifunga. Na akipona musiache. Hapa njo tunapoteza batoto mingi: mwezi ya tatu anaoga, anacheka na benzake, jamaa inasema Mungu ametenda, dawa inatupwa, kiisha miezi michache anarudia na mara ya pili inakuwaka ngumu kuliko ya kwanza. Kiisha kriz ya kwanza, hesabu ya kawaida ni kuendelea kama mwaka muzima tangu alipona kabisa, na munganga njo anapunguza, si sisi.

Juu ya maombi. Sitawaambia muache kuomba, na koko hatanisikia hata nikisema. Ombeni. Lakini funga kavu siku saba kwa kijana mwenye tayari halali na hakuli vizuri ni hatari, kukosa maji na usingizi peke yake inaweza kumufanya mutu muzima aone na kusikia mambo. Pasta mwenye anamuombea kijana akiwa amekula, amekunywa dawa, na analala kwake nyumbani, huyo karibu. Mwenye anamufunga munyororo, anamupiga kutoa pepo, anamukataza dawa, ao anataja jina ya mutu mu jamaa kama mulozi, huyo mumufungie mulango.

Sasa koko mwenyewe. Hapa nataka nikae kidogo, juu barua yako ilimutaja sawa sehemu ya tatizo na nimemuona kama mugonjwa ya pili mwenye hakuna aliuliza habari yake. Mwanamke ya miaka yake huku kwetu aliona vita ya 1996, aliona yote ilifuata, alikimbia na batoto mugongoni, pengine alizika bengine, na 2025 akasikia risasi tena. Anapomuona mujukuu anatetemeka usiku, hatetemeki kijana peke yake. Kumushikilia kupita kiasi kwake kunatoka pale. Kwa hiyo musimuambie "acha kumudekeza". Mumuambie "leo usiku ni zamu yangu." Wewe, baba yake, hata mudogo yake mwenye anamufuata kwa saa za jioni. Koko alale usiku tatu mufululizo mu chumba ingine mbele ya kuongea naye kitu kingine chochote. Mutoto atakataa usiku ya kwanza, koko amuage mbele ya kulala, amuambie asubuhi atamukuta, na asubuhi amukute kweli.

Kiisha, kidogo kidogo, amurudishie kijana kazi yake. Si masomo bado. Kazi ndogo yenye iko na mwisho: kuchambua sombe pamoja, kubeba bidon moja ya maji, kumusindikiza koko soko ya Kadutu asubuhi mapema mbele batu bajae na kurudi. Badala ya kumuogesha, aweke maji ya moto na sabuni, aseme "maji yako iko tayari", aende. Akioga, asante. Asipooga, kesho tena, bila maneno. Badala ya kumulisha, akule naye ku sahani moja kisha siku ingine wewe mama ukae nao, siku ingine baba, bila kuuliza kitu, mukule tu. Vile njo ile uaminifu yenye iko kwa koko inaanza kuwafikia ninyi pia.

Usifikiri ninamupa koko kazi kubwa kuliko yeye. Zimbabwe, mu kartye ya Mbare kule Harare, docta ya akili anaitwa Dixon Chibanda alianza 2006 na ba-koko 14, hawakuwa banganga, akawafundisha kukaa ku benchi inje ya kituo ya afya na batu benye mawazo mingi, kuwasikiliza na kuwasaidia kuchagua shida moja ya kuanza nayo. Walipopima, matokeo ilitoka 2016, kiisha miezi sita depresyo ilibaki kwa kama batu 14 ku mia ya bale balikaa na ba-koko, na kwa bale balipata matunzo ya kawaida tu 50 ku mia. Bale balikuwa batu bazima benye huzuni na wasiwasi, si kijana mwenye kusikia sauti, kwa hiyo koko wenu hachukui fasi ya dawa. Lakini angalia tofauti: ba-koko ba Harare balifundishwa, na nyuma yao kulikuwa batu ya afya wa kuwapokelea ile mizigo. Koko wenu amefanya kazi ile ile peke yake, usiku, bila mutu wa kumuuliza "na wewe?" Ku SOSAME muombe wamufundishe yeye pia, museme wazi "huyu njo anamulinda, mumuonyeshe cha kufanya."

Papa, wewe nakuomba mambo mawili tu. Muite mama yako mbele ya mudogo yako na batu ya parseli, umuambie abaki, kwa sauti yenye bote watasikia, maana neno ya kwako tu njo itafunga ile midomo. Na kijana yako, kila jioni kaa karibu naye dakika kumi bila kumuuliza kitu. Si lazima aongee. Kama anatoka, muache atoke, kesho ukae tena.

Masomo mulisema na haraka, ninaelewa, mwaka inapita. Kwa sasa nendeni muongee na préfet, mukubwa ya masomo, mumuambie kijana iko mugonjwa na iko kwa matibabu, muombe fasi yake isifutwe, si lazima mueleze ugonjwa gani. Kurudi ku klasi tutaongea kiisha analala usiku muzima na sauti zimepungua, na mara mingi tunaanza na masaa mbili tatu kwa siku, si siku nzima.

Mbele ya kwenda, muandike ku karatasi moja: lini ilianza, analala saa ngapi, anasema nini juu ya sauti, dawa zote alishakunywa hata za mufumu, na kile koko atakuambia leo jioni. Ile karatasi abebe koko.